VENOM: Kasoro iliyompa mgeni ufunguo wa nyumba ya mwenyeji

MGENI njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini katika vituo vikubwa vya kuhifadhia data duniani, ambako tarakilishi moja hupokea wageni wengi kwa wakati mmoja, kuna hofu iliyo kinyume kabisa cha methali hiyo. Ni hofu kwamba siku moja ataingia mgeni ambaye, badala ya kumponya mwenyeji, atatoboa ukuta wa chumba alichopewa, atwae mamlaka ya nyumba na kuanza kupekua vyumba vya wenzake.

Mnamo Mei 13, 2015, hofu hiyo ilipata jina. Kampuni ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao, CrowdStrike, ilitangaza kwamba mtafiti wake, Jason Geffner, alikuwa amegundua kasoro katika programu inayotumika kote duniani kuendeshea tarakilishi pepe. Kasoro hiyo iliitwa VENOM, neno la Kiingereza lenye maana ya sumu kama ile ya nyoka, na ikasajiliwa kwa nambari CVE-2015-3456.

Kilichowashangaza wengi hakikuwa ukubwa wa hatari peke yake. Kasoro hiyo ilikuwa imejificha kwa takriban miaka 11, tangu 2004, katika sehemu ya programu ambayo karibu hakuna aliyeihitaji tena. Ilikuwa sehemu inayoigiza kifaa cha kusomea disketi.

Nyumba moja, wapangaji wengi

Tarakilishi pepe ni programu inayojifanya kuwa tarakilishi kamili. Ina prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, ila vyote hivyo haviwezi kushikwa kwa mkono. Ni vivuli vya vifaa halisi vilivyomo ndani ya seva moja kubwa. Mfumo endeshi unaowekwa humo, uwe Windows au Linux, hufanya kazi kana kwamba umepewa mashine yake binafsi.

Katika lugha ya wataalamu, seva halisi huitwa mwenyeji, na kila tarakilishi pepe inayokaa juu yake huitwa mgeni. Kati yao husimama programu simamizi, ambayo kazi yake inafanana na ya mtunzaji wa jumba la kupangisha. Ndiyo inayogawa nafasi ya kumbukumbu na muda wa prosesa, ndiyo inayopokea maombi ya wageni, na ndiyo inayohakikisha kuwa mpangaji wa chumba kimoja haoni wala hagusi mali ya mpangaji wa chumba cha pili.

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1960, watafiti wa kampuni ya IBM mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, waliunda mfumo ulioitwa CP-40 ili watu kadhaa waweze kutumia mashine moja ghali, kila mmoja akiiona kama yake. Kizazi cha mfumo huo kilichofuata, VM/370, kilitangazwa mwaka wa 1972.

Miaka miwili baadaye, wasomi Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza kwa utaratibu masharti ambayo programu simamizi yapasa kuyatimiza. Mosi, kazi inayofanywa ndani ya mgeni ilete matokeo yale yale ambayo ingeleta kwenye mashine halisi. Pili, sehemu kubwa ya maagizo itekelezwe na prosesa yenyewe ili kasi isipotee. Tatu, programu simamizi ibaki na mamlaka kamili juu ya rasilimali zote. Sharti hilo la tatu ndilo roho ya usalama wote wa tarakilishi pepe, na ndilo huvunjika mgeni anapotoroka.

Teknolojia hiyo ilipofika katika tarakilishi za kawaida, ilienea kwa kasi. VMware ilitoa bidhaa yake ya kwanza mwaka wa 1999. Xen, iliyochipuka katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, ilitolewa mwaka wa 2003. KVM ikaingizwa katika kiini cha Linux mwaka wa 2007. Kabla ya hapo, Agosti 2006, Amazon ilikuwa imezindua huduma ya EC2, ambayo ilimwezesha yeyote mwenye kadi ya malipo kukodi tarakilishi pepe kwa saa.

Faida zilikuwa bayana. Seva iliyokuwa ikikaa bure kwa muda mrefu ilianza kutumika kikamilifu, gharama za umeme zikapungua, na kampuni changa ikaweza kuanza kazi bila kununua hata mashine moja. Hata hivyo, mpango huo uliweka chini ya paa moja majirani wasiojuana. Rekodi za hospitali, akaunti za duka na majaribio ya mwanafunzi vingeweza kukaa katika seva moja pamoja na mtu aliyekodi nafasi kwa nia mbaya. Kinachowatenganisha si ukuta wa mawe bali msimbo ulioandikwa na binadamu.

Disketi iliyosahaulika

Ili mgeni aamini kuwa yumo katika tarakilishi ya kweli, sharti aone vifaa vya kweli. Lazima pawe na saa, kibodi, skrini, kadi ya mtandao na mengineyo. Kazi ya kuigiza vifaa hivyo hufanywa, katika mifumo mingi, na programu iitwayo QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi na unaweza kutumiwa na yeyote, sehemu zake zilichukuliwa na miradi mingine, ikiwemo Xen, KVM na VirtualBox. Kwa njia hiyo kosa moja lilirithiwa na koo kadhaa.

Miongoni mwa vifaa vilivyoigizwa ni kile cha kuendeshea disketi. Wasomaji waliotumia tarakilishi katika miaka ya 1990 watakumbuka vile vipande vya plastiki vya inchi 3.5 vyenye uwezo wa megabaiti 1.44, kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja ya simu. Sony, iliyokuwa mstari wa mbele kuvitengeneza, iliacha kuviuza nchini Japani mwaka wa 2011.

Katika ulimwengu pepe, hata hivyo, disketi haikufa. Mifumo endeshi ya zamani ilitarajia kuikuta, hivyo kifaa chake kiliendelea kuwekwa katika tarakilishi pepe nyingi bila mtu kukiomba. Msimbo wake uliingizwa katika QEMU mwaka wa 2004, ukaonekana unafanya kazi, na watu wakaendelea na mambo mengine.

Kulikuwa na jambo jingine baya zaidi. CrowdStrike ilieleza kwamba katika Xen na QEMU, hata msimamizi aliyechukua tahadhari ya kukizima kifaa hicho hakuwa salama. Hitilafu nyingine isiyohusiana na hiyo ilifanya msimbo wenye kasoro uendelee kufikiwa na mgeni. Aliyedhani amefunga mlango alikuwa amevuta pazia tu.

Kibaba kilichofurika

Katika tarakilishi halisi, kifaa cha kuendeshea disketi hupokea amri kupitia lango maalum. Mfumo endeshi hukiambia kitafute mahali fulani, kisome, kiandike au kiiandae disketi upya. Kila amri huandamana na maelezo yake, kama vile upande wa disketi na nambari ya sehemu inayotakiwa.

QEMU iliigiza utaratibu huo kwa kutenga katika kumbukumbu nafasi ya baiti 512, ambamo amri na maelezo yake yaliwekwa kwa muda. Kihesabio kidogo kilionyesha baiti inayofuata iwekwe wapi. Amri ilipokamilika, kihesabio kilirudishwa mwanzo na nafasi ikawa tayari kwa amri nyingine.

Geffner aligundua kwamba utaratibu huo haukufuatwa ipasavyo kwa amri mbili. Mgeni mwenye hila angeweza kutuma mojawapo ya amri hizo, kisha aendelee kumimina baiti bila kihesabio kurudishwa nyuma. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa hakuna aliyekuwa akitazama kama kibaba kimejaa. Baada ya baiti ya 512, zilizofuata ziliandikwa nje ya nafasi iliyotengwa, mahali ambapo QEMU ilikuwa imehifadhi mambo yake mengine.

Hatari ya mfuriko wa aina hii ni kwamba kinachofurika huchaguliwa na mshambulizi. Akimwaga ovyo, programu huvurugika na kuzimika. Akipanga baiti zake kwa ustadi, anaweza kufunika zile taarifa ambazo programu huzitegemea ili kujua hatua yake inayofuata, na kuielekeza itekeleze maagizo yake yeye.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. QEMU haiendeshwi ndani ya mgeni, bali huendeshwa upande wa mwenyeji. Mtu aliyeiteka QEMU kutoka ndani ya tarakilishi pepe amekwisha kutoka nje ya chumba chake na anasimama ukumbini. Kutoka hapo, kwa kutegemea mamlaka ambayo QEMU imepewa, anaweza kujaribu kuwafikia wageni wengine, mwenyeji mwenyewe na mtandao unaomzunguka.

Dawa ya maradhi hayo ilikuwa mistari michache tu ya msimbo, inayohakikisha kuwa kihesabio hakivuki mpaka wa nafasi iliyotengwa hata mgeni amimine baiti kiasi gani.

Aliyekuwa hatarini na aliyenusurika

Ili kuitumia VENOM, mshambulizi alihitaji kwanza mamlaka ya msimamizi ndani ya tarakilishi pepe. Kwa kampuni inayotumia tarakilishi pepe ndani ya ofisi zake pekee, hicho kilikuwa kizuizi cha maana, kwani mshambulizi ilimbidi avunje mlango mmoja kabla ya kuufikia wa pili.

Katika huduma za kukodisha hali ni tofauti. Mteja anayekodi tarakilishi pepe hukabidhiwa funguo zote za ndani tangu siku ya kwanza, kwani ni haki yake kuweka humo programu atakazo. Kwa mteja kama huyo, sharti la kuwa na mamlaka halikuwa kizuizi chochote. Aidha, haikujalisha kama mgeni alitumia Windows au Linux, kwani kosa lilikuwa katika kifaa cha kuigizwa na si katika mfumo endeshi.

Si kila mtu aliyeguswa. Bidhaa za VMware na Hyper-V ya Microsoft hazikuwa na kasoro hiyo, kwa kuwa hazikutumia msimbo huo wa disketi. Katika Xen, wale wageni wanaoshirikiana moja kwa moja na programu simamizi bila kuhitaji vifaa vya kuigizwa hawakuwa na njia ya kuifikia.

Vilevile kulikuwa na waliojenga ukuta wa pili. Baadhi ya mifumo ya Linux huiweka kila programu ya QEMU katika zizi lake, ikiwekewa mipaka ya mafaili na rasilimali inazoweza kugusa. Xen nayo ilitoa nafasi ya kuiweka programu inayoigiza vifaa katika tarakilishi pepe yake ndogo, mbali na mwenyeji. Katika mazingira hayo, mgeni aliyetoroka chumba kimoja alijikuta katika kijichumba kingine kisicho na kitu cha kuiba.

Kiraka kilichohitaji kuzima mashine

CrowdStrike iliziarifu kwa siri timu za usalama za QEMU, Xen, Oracle na watayarishaji wa mifumo endeshi mnamo Aprili 30, 2015. Taarifa ilipotolewa hadharani wiki mbili baadaye, viraka vilikuwa tayari. Huo ni utaratibu unaokubalika katika taaluma hii. Mgunduzi hunyamaza kwa muda ili mtengenezaji apate nafasi ya kurekebisha, kisha umma huelezwa ili kila mwenye mashine achukue hatua.

Lakini kuweka kiraka hakukutosha. Programu iliyorekebishwa huandikwa kwenye diski, ilhali ile ya zamani, yenye kasoro, huendelea kufanya kazi katika kumbukumbu hadi isimamishwe. Kwa hivyo kila tarakilishi pepe ilipaswa kuzimwa kabisa na kuwashwa tena, au kuhamishiwa kwenye seva nyingine iliyokwisha kurekebishwa ikiwa ingali inaendelea na kazi.

Hapa wengi wangeweza kukosea. Kuamuru mfumo endeshi ujiwashe upya kutoka ndani ya mgeni hakukusaidia, kwa sababu programu ya QEMU inayomhifadhi mgeni huyo iliendelea kuishi ile ile. Ni kama mpangaji kupanga upya fanicha zake akitarajia ufa wa ukuta uzibike.

Kampuni kubwa ziliwahi kutoa kauli. Amazon ilisema data na tarakilishi pepe za wateja wake hazikuwa hatarini. Kwa wengine kazi ilikuwa ngumu zaidi, hasa kampuni ndogo za kukodisha seva na mashirika yaliyojiwekea mitambo yake miaka mingi nyuma na kuisahau. Mteja, kwa upande wake, hakuwa na la kufanya ila kuuliza, kwani hawezi kurekebisha programu ya nyumba ambayo yeye ni mpangaji tu.

Hofu iliyovuka mpaka?

Baada ya tangazo hilo, vyombo vya habari kadhaa vililinganisha VENOM na Heartbleed, kasoro iliyotangazwa Aprili 2014 na kuitikisa intaneti nzima. Ulinganisho huo ulizua mjadala, na wataalamu wengine wakalalamika kwamba jina la kutisha na nembo ya nyoka vilikuzwa kuliko hatari yenyewe.

Hoja yao ilikuwa na msingi. Heartbleed ingeweza kutumiwa na mtu yeyote kutoka popote duniani dhidi ya wavuti yoyote yenye kasoro, bila ruhusa ya aina yoyote. VENOM ilimtaka mshambulizi awe tayari ndani ya mgeni, awe na mamlaka, na aandae silaha yake kulingana na mazingira anayoyashambulia. CrowdStrike yenyewe ilisema wakati huo kwamba haikujua tukio lolote ambamo kasoro hiyo ilikuwa imetumiwa na wahalifu.

Hata hivyo, hoja hiyo haipunguzi uzito wa jambo la msingi. Ahadi kuu ya huduma za kukodisha ni kwamba jirani hawezi kukufikia. Kwa miaka 11, katika idadi isiyojulikana ya seva, ahadi hiyo haikuwa ya kweli, na hakuna aliyejua.

Si ya kwanza wala ya mwisho

VENOM ina ndugu wengi, na ukoo huo una sura zinazofanana. Mwaka wa 2009, mtafiti Kostya Kortchinsky wa kampuni ya Immunity alionyesha katika kongamano la Black Hat mjini Las Vegas jinsi mgeni wa VMware alivyoweza kutoroka kupitia kifaa cha kuigizwa cha skrini. Mwaka wa 2011, Nelson Elhage alionyesha njia ya kutoka ndani ya KVM kwa kumfanya mwenyeji aondoe kifaa ambacho hakikupaswa kuondolewa, huku saa ya kuigizwa ikiendelea kukirejelea.

Mwishoni mwa Septemba 2014, Amazon ililazimika kuwasha upya chini ya asilimia 10 ya seva za EC2 ili kuziba kasoro ya Xen ambayo ingeweza kumruhusu mgeni kusoma sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Machi 2017, katika shindano la udukuzi la Pwn2Own mjini Vancouver, Canada, timu ya Qihoo 360 ya China ilianza na ukurasa wa wavuti uliofunguliwa ndani ya tarakilishi pepe ya VMware na kuishia kumtawala mwenyeji. Ilituzwa dola 105,000.

Januari 2018 ilileta sura mpya. Kasoro zilizoitwa Meltdown na Spectre hazikuwa katika programu bali katika namna prosesa zinavyokisia kazi inayofuata ili kuharakisha mambo. Watafiti wa Google walionyesha kuwa kwa kutumia Spectre, mgeni wa KVM angeweza kusoma kumbukumbu ya mwenyeji. Hapa mgeni hakutoka chumbani. Alitega sikio ukutani na kusikia yaliyokuwa yakisemwa upande wa pili.

Waliodhani kwamba kutoroka kwa wageni ni mchezo wa mashindano na makongamano walipata jibu Machi 4, 2025. Siku hiyo Broadcom, kampuni iliyoinunua VMware mwaka wa 2023, ilitoa viraka vya kasoro tatu zilizogunduliwa na wataalamu wa Microsoft. Kasoro hizo, zikiunganishwa, zilimwezesha mwenye mamlaka ndani ya mgeni kumfikia mwenyeji, na kampuni hiyo ilikiri kuwa kulikuwa na dalili kwamba zilikuwa zikitumiwa na washambulizi halisi. Miezi miwili baadaye, katika shindano la Pwn2Own mjini Berlin, mtafiti wa STAR Labs ya Singapore alifaulu kuidukua VMware ESXi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika historia ya shindano hilo.

Kupunguza milango

Ukitazama orodha hiyo, utaona jambo moja likijirudia. Mara nyingi mgeni hatoki kwa kubomoa ukuta mkuu, bali hupitia kifaa cha pembeni: disketi, skrini, saa. Kila kifaa cha kuigizwa ni mlango kati ya mgeni na mwenyeji, na kila mlango huhitaji mlinzi. Mlango usiotumika ndio hatari zaidi kwa kuwa hakuna anayepita hapo akaona kwamba kitasa kimelegea.

Kutokana na hilo, wabunifu wamechukua njia ya kupunguza milango yenyewe. Mwaka wa 2018 Amazon ilitoa Firecracker, programu ya kuendeshea tarakilishi pepe ndogo ndogo ambayo imeacha nje karibu vifaa vyote vya zamani na kubakisha vichache mno vinavyohitajika. Wengine huiweka programu inayoigiza vifaa katika zizi lenye mamlaka finyu, kwa kukubali kwamba siku moja itatekwa na kujiandaa kwa siku hiyo.

Kwa mashirika ya kawaida, wajibu ni wa kiutawala kuliko wa kitaalamu. Linaloendesha seva zake lenyewe linapaswa kujua limeweka programu simamizi gani, toleo lipi, na kiraka cha mwisho kiliwekwa lini. Linalokodi linapaswa kumuuliza mwenye nyumba maswali hayo kwa maandishi. Data nyeti zaidi yafaa zisimbwe kwa namna ambayo hata jirani akizifikia hawezi kuzisoma kwa urahisi, na zile zisizovumilia hatari yoyote ziwekwe katika seva isiyo na wapangaji wengine.

Hapa Kenya, swali hilo limekuwa pia la kisheria. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, shirika linalomiliki usimamizi wa data za watu linatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu lijue kwamba data hizo zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kwamba kuna hatari ya kweli ya madhara. Anayechakata data kwa niaba ya shirika hilo, kama vile kampuni ya kukodisha seva, anatakiwa kuliarifu ndani ya saa 48 inapowezekana. Kwa maneno mengine, sheria haimwachilii mpangaji kwa kuwa tu ukuta uliobomoka ulikuwa wa mwenye nyumba.

Ugumu ni kwamba saa hizo huanza kuhesabiwa mtu anapojua. Mgeni anayetoroka kupitia kwa mwenyeji huenda asiache alama yoyote ndani ya chumba alichokiibia, kwa kuwa aliingia kutoka upande ambao mpangaji hana macho. Mwenye nyumba pekee ndiye anayeweza kuona nyayo zake, iwapo ameweka kumbukumbu na iwapo kuna anayezisoma.

Kifaa cha disketi katika QEMU kilirekebishwa, na seva nyingi zilizokuwa na kasoro hiyo zimekwisha kuondolewa. Kazi inayobaki ni kuvitafuta vifaa vingine vya aina hiyo ambavyo vimewekwa kwa sababu za zamani, vinafanya kazi bila kulalamika, na havijachunguzwa na mtu kwa miaka mingi. Anayemiliki seva anaweza kuanza leo kwa kuorodhesha kila kifaa cha kuigizwa ambacho wageni wake wamepewa, kisha akafuta vile ambavyo hawezi kueleza vinatumika kwa kazi gani.